Anayefungwa Anaacha Pedi

Athieno binti yangu,

Habari za sweta, dawa ya malaria na kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, mama yako amekuambia tangu Jumatatu, na nikisikiliza vizuri bado anaendelea huko nyuma jikoni. Mimi sina la kuongeza hapo. Leo nimefunga ukumbi mapema. Jua bado liko juu ya yale malori yaliyopanga foleni kuelekea geti la mpaka, na mimi nimekaa kwenye benchi la mbele, lile ulilokuwa ukilala juu yake ulipokuwa mdogo, skrini zote nikiwa nimezizima.

Nina mambo mawili ya kukuambia. La kwanza ni kwamba nina wivu. La pili nitalisema nikipata nguvu, na lazima nizipate, kwa sababu kesho ukishavuka kwenda Nakuru sitakuwa na uso wa kulisema kwenye simu.

Basi nianze na wivu, maana huo hauniumizi kuusema. Naionea wivu simu yako. Cheka tu, nakuona. Mimi mtu mwenye mvi, mwenye mashine nne za gemu na skrini nne na jenereta la siku za giza, nakionea wivu kidude chenye kioo kilichopasuka. Kilianza kwa kunichukulia wateja, nikasema sawa, biashara ni biashara. Halafu kikakuchukua wewe. Na sasa namwonea wivu huyo kocha wako wa timu ya Nakuru, Njeri, ambaye hajawahi kukuona ukiwa na homa lakini anajua kidole chako cha kushoto kinachelewa mchezo ukifika mwisho. Mimi sikujua kidole chako kinachelewa. Nimekuwa nikikutazama ukicheza tangu hujaota meno ya mbele, na jambo hilo nimelisikia kutoka kwa mgeni.

Jumapili alipopiga, nilimsikia akikuita "Athi." Jina hilo nililianzisha mimi, kwenye benchi hili. Akaniambia, "Mzee, huyu msichana wako ni moto sana. Msijali, tutamtunza." Nikamjibu, "Hata huku yeye natunzwa." Ukanikazia macho, na ulikuwa na haki. Ilikuwa jibu la mtoto aliyenyang'anywa kitu.

Wewe hujanijua nikiwa kijana wa baiskeli. Mimi na baba yako mkubwa Okecho tulitoka Iyolwa tukiwa na baiskeli moja, tukapata ya pili, tukawa tunabeba watu na mizigo kati ya geti la Uganda na geti la Kenya, kutwa nzima, kwenda na kurudi. Miguu yangu ilikuwa migumu hadi mama yako aliigonga kwa mwiko kunichokoza. Kisha pikipiki zikaja. Mimi niliona mapema. Niliuza baiskeli, nikaingia kwenye pikipiki, nikamwambia ndugu yangu afanye hivyo hivyo. Okecho akakataa. Alisema watu watazichoka kelele zake, baiskeli hainywi mafuta, wazee na wanawake wenye mayai hawatakubali kukimbizwa.

Kukataa kwake lilikuwa jambo lake. Lililokuwa langu ni lile nililofanya baadaye. Kila nilipompita barabarani nilipiga honi. Nilimpita karibu, na abiria wake amekaa nyuma, nikapaza sauti, "Mzee, sukuma! Sukuma tutakutana Krismasi!" Abiria wakacheka. Okecho hakunijibu hata siku moja. Aliinamisha kichwa akakanyaga pedali. Nilifikiri nilikuwa na akili kuliko yeye. Kumbe nilikuwa kijana tu, na kitu kipya kilinikuta mikono yangu ikiwa mitupu.

Pikipiki ndiyo iliyonunua mashine ya kwanza. Tuliipata upande wa Kenya, imetumika lakini nzima, na mama yako akaivusha mgongoni ikiwa imefungwa kwa leso, amekunja mgongo kama mzazi aliyechoka. Askari akauliza, "Iko nini hapo, mama?" Mama yako akamwambia, "Mtoto nalala. Ukiamsha, utabeba wewe." Askari akampisha. Wewe ulizaliwa mwaka uliofuata, na leso ikawa ile ile. Ndiyo maana nikikukasirikia husema hiyo mashine ni dada yako mkubwa na yeye hanijibu ovyo.

Ukumbi ulipofunguka, walikuja kutoka Sikuda, kutoka Molo ya huku kwetu, na kutoka ng'ambo ya Kenya. Walikuja na chapati mkononi, na hapo ndipo sheria ilipozaliwa. Pedi, zile za kushika mkononi kuchezea gemu, zilikuwa zinateleza mafuta, mtu akifungwa analaumu mafuta, ngumi zinataka kuanza. Nikaandika kwa chaki ukutani: anayefungwa anaacha pedi. Na si kuiacha tu. Anaipangusa kwa shati lake mwenyewe, anaikabidhi kwa mikono miwili kwa anayefuata. Mwalimu aliifuata sheria hiyo. Askari yule yule wa geti aliifuata, na magwanda yake. Nimeona vijana waliokuja wakiwa na uadui wa kijiji na kijiji wakipangusiana pedi. Nilijivunia sheria ile kuliko mashine zenyewe, maana mashine ilitengenezwa na watu nisiowajua, lakini sheria niliitengeneza mimi.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuifuata, na wewe unamjua.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ilikuwa Jumamosi, ukumbi umejaa, watu wamesimama hadi mlangoni, ukasema, "Baba, cheza na mimi." Ukanifunga matatu kwa moja. La tatu ulilipiga kutoka mbali na kipa wangu hakusogea. Vijana walipiga kelele hadi wauza ndizi wakaja kuchungulia. Mmoja akasema, "Mzee, leo wewe nafungwa na mtoto!" Nikamwambia, "Wewe nasema nini? Hukuona umeme nakatika?" Umeme haukukatika, Athi. Nilinyoosha mkono nikazima mashine, nikaiwasha upya, nikasema mchezo ule hauhesabiwi. Wewe ulikuwa umeshanyoosha mikono miwili mbele yangu, viganja juu, unangoja pedi. Uliingoja muda kidogo, halafu ukairudisha mikono mapajani. Nimekuwa nikiiona mikono ile mara nyingi wiki hii.

Baada ya hapo simu zikaja kwa wingi. Mwanzoni vijana walikuja kuchaji tu. Nikawapa soketi, nikiamini wakingoja chaji wataona mchezo kwenye skrini na damu itawachemka. Wakawa wanakaa kwenye mabenchi yangu, chini ya feni yangu, migongo wameipa skrini zangu, kila mtu ameinamia yake. Gemu ile ile ya mpira! Nilipowauliza kwa nini, mmoja alinijibu kwa heshima kabisa, "Mzee, hii nacheza nikiwa choo, nacheza nikiwa shamba. Hiyo yako nangoja foleni." Nikaongeza sauti ya skrini.

Wewe ulinipa njia. Ulisema, "Baba, simu inaweza kuingia kwa TV. Hata pedi inashika simu. Tufanye mashindano ya simu hapa hapa, watu watarudi." Ulinionyesha. Uliunganisha pedi nyeupe na simu yako, ukaweka picha kwenye skrini kubwa, ikafanya kazi vizuri sana. Nikachomoa waya. Nikasema, "Hapa ni ukumbi wa mashine, si duka la chaja." Sikukataa kwa sababu wazo lilikuwa baya. Nilikataa kwa sababu lilikuwa zuri na halikuwa langu.

Mwaka jana Okecho alikuja kutembea. Unakumbuka alikaa hapa nikipangusa vumbi kwa kitambaa, mashine tatu zimezimwa, ya nne inacheza yenyewe maonyesho bila mtu. Alitazama huku na huku, akanywa chai yake yote, kisha akasema taratibu, "Karibu, ndugu yangu. Huku tuko wengi." Alikuwa na miaka mingi ya kunitukana akiba, akatumia maneno sita na akaniacha. Nilicheka mbele yake. Alipoondoka nikaenda kusimama nyuma ya jenereta hadi macho yakakauka.

Juzi uliniuliza kama ukumbi utakufa. Nilikujibu kwa hasira, sasa nikujibu sawasawa. Mashine za namna yangu sidhani zitarudi kuwa mfalme. Gemu mpya hazikai tena kwenye CD; unazivuta hewani, nazo ni nzito, mtandao wa huku unahema siku mbili kwa gemu moja. Kijana wa Molo hatangoja hilo wakati mfukoni ana kitu kinachomtosha. Lakini naona pia jinsi wanavyonyamaza wakicheza kwenye simu. Mtu anafunga bao zuri kuliko yote maishani na hakuna bega la kugonga. Nadhani hicho ndicho kitakachobaki: benchi, skrini kubwa, watu wawili wanaosikiana pumzi. Kama ndani yake ni mashine au ni simu, pengine haijalishi. Ilinichukua muda mrefu kusema "haijalishi," na bado ulimi unakwama.

Sasa lile la pili.

Mwaka jana uliposhinda yale mashindano ya simu mara ya kwanza, ulikuja mbio hapa ukumbini. Ulikuwa hujafikisha miaka ya kitambulisho, kwa hiyo watu wa timu ya Nakuru, waliotaka kukuchukua, walitaka namba ya mzazi, na walitaka ya Kenya. Uliwapa ile laini yangu ya ng'ambo. Ukaniambia, "Baba, watapigia wewe kwa laini ya Kenya. Wiki hii ama ijayo. Tafadhali usizime simu." Nikasema, "Sitazima."

Sikuzima. Nilifanya jambo ambalo hata mwizi wa Nairobi hawezi kulifikiria, lazima uwe mtu wa mpakani. Nilifungua simu, nikaitoa laini ya Kenya, nikaiacha ya Uganda. Nikaitia laini ile kwenye kopo la memori kadi za zamani, juu ya rafu, nikafunika.

Simu yangu iliendelea kulia kama kawaida. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba iliendelea kulia. Kila ilipolia ulitoka jikoni ukikimbia, mikono ina unga, "Ni wao?" Nami nikakuambia ni mama yako yuko sokoni, au ni mtu wa jenereta, na nilikuwa nasema kweli kila mara. Siku kumi na nne nilisema kweli. Wewe ukawa unaichaji simu yangu bila kuombwa, unaipangusa kioo, unaiweka pale mtandao unaposhika vizuri, upande wa dirisha linalotazama Kenya. Laini yenyewe ilikuwa juu ya kichwa chako, kwenye kopo.

Nilipoirudisha, ujumbe uliingia. Uliandikwa na huyu huyu Njeri: "Mzazi wa Athieno, tumekupigia mara nyingi hatukupati. Nafasi tumempa mwingine. Mwambie asikate tamaa, ajaribu tena mwaka ujao." Nikaufuta. Na yale maneno ya kutokata tamaa sikukuambia pia. Ulisubiri wiki moja zaidi, halafu ukasema, "Labda sikucheza vizuri vile nilifikiria." Nikakubali kwa kichwa. Nilikubali kwa kichwa, mwanangu.

Sikuwa na sababu ya maana. Ningeweza kukudanganya kwamba nilihofia usalama wako, na mama yako angeniunga mkono, kwa sababu yeye alihofia kweli. Mimi nilikuwa na wivu tu. Niliona unakwenda kuwa mkubwa katika kitu kile kile nilichokipenda, lakini kupitia mlango ambao mimi nilikuwa nimeucheka. Nikataka mlango ule usifunguke.

Na nikapata nilichotaka. Uliiacha simu, ukarudi kwenye benchi, tukawa tunacheza kila jioni kama zamani. Nilifurahi, sitakuficha. Nilipika hata chai mimi mwenyewe. Nilikufunga mechi baada ya mechi, na kila ulipofungwa ulichukua ncha ya blauzi yako, ukapangusa pedi, ukanikabidhi kwa mikono miwili. Ilinichukua karibu mwezi kugundua kwamba hukuwa unacheza. Ulikuwa unasogeza vidole tu. Nilikuwa nashindana na mtu aliyekwishaondoka, na mimi ndiye niliyemfukuza.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nilikuletea data ya mwezi mzima na kusema nimeipata bure kwenye promosheni. Hakukuwa na promosheni. Uliniangalia kwa mshangao, kisha ukaichukua simu ukaanza upya, na mwaka huu umeshinda tena. Safari hii uliwapa namba yako mwenyewe, kwa kitambulisho chako mwenyewe. Uliposema hivyo mezani, nilidhani unajua. Sijui kama unajua hadi leo. Kama ulijua ukanyamaza kwa ajili yangu, basi umeniumiza vizuri kuliko kelele yoyote.

Nilichojifunza ni kidogo na nilikilipia ghali, kwa hiyo nikuachie. Utashinda, halafu siku moja atakuja mdogo wako, pengine wa miaka kumi na miwili, akiwa na kitu ambacho hata hakijatengenezwa sasa, kitu utakachokiona cha kijinga. Tumbo litakuuma. Sikuambii lisikuume, langu linauma hadi sasa hivi ninavyoandika. Nakuambia tu uangalie mkono wako unakwenda wapi wakati tumbo linauma. Wangu ulikwenda kwenye swichi, na mara ya pili ukaenda kwenye laini.

Bado nina wivu. Nimejaribu kuandika barua hii bila wivu nikashindwa. Wakati unacheza huko Nakuru na hao wenzako wanne wakikupigia makofi, nitakuwa hapa nawaonea wivu viganja vyao. Njeri atakapokurekebisha kidole, nitamwonea wivu. Nimekubali kuwa nao, lakini hautagusa tena simu ya mtu. Laini ya Kenya iko ndani ya simu yangu na haitoki. Ukipiga nitapokea. Usipopiga, nitajua kwa nini, na sitamtuma mama yako akusihi.

Barua hii nimeiweka juu ya nguo zako, si chini, ili uione kabla hujapita geti. Ukitaka kurudi unipigie kelele, ukumbi utakuwa wazi tangu asubuhi, na nitakuwa peke yangu. Ukitaka kupita moja kwa moja bila kuniangalia, pita, basi la Nakuru halingoji.

Chini ya barua kuna kitu nimekifunga kwa leso ya mama yako, ile ile. Ni pedi nyeupe, ile nzuri, iliyoshika simu yako siku ile nikachomoa waya. Mashindanoni najua mnatumia vidole, basi itumie mazoezini, au iweke tu. Mashine yake imebaki huku na pedi nyingine ya zamani, itaizoea. Kabla ya kuifunga nimeipangusa kwa shati langu, lile la bluu nililolivaa Jumamosi ile, na nimeipangusa kote, hadi kwenye vitufe.

Matatu kwa moja, Athi. Umeme haukukatika. Nyoosha mikono.

Baba yako,
Owor